Mwenye Kuuguza Naye Atazamwe

Hotuba ya katekista mmoja wa Ugalla kwa waumini wa vigango na waalimu



Mababa mapadre, masista, waalimu wenzangu, wazee wangu, mama zangu, nanyi vijana mliokuja kwa miguu toka ng'ambo ya mto: nimeambiwa niseme maneno machache katika jubilei hii, nami nimechagua jambo ambalo si kubwa machoni pa watu. Wengine watawaeleza jinsi Mababa Weupe walivyoipokea ngome ya Karema mikononi mwa Wabelgiji mwaka 1885, na jinsi jimbo letu la Mpanda lilivyozaliwa mwaka 2000. Hayo ni mema, na wenye kuyajua kuliko mimi wapo hapa. Mimi nataka kusema juu ya mtu akaaye kando ya kitanda cha mgonjwa.

Nyote mwalijua jina la Adrian Atiman. Alizaliwa mbali sana, upande wa mto Niger, akaibwa angali mtoto, akauzwa utumwani, akakombolewa na Mababa Weupe. Kisha Kardinali Lavigerie akampeleka Malta kusomea utabibu. Mwaka 1889 alifika Karema, akawa katekista na tabibu huko mpaka kufa kwake mwaka 1956. Sisi makatekista twajivuna kwa jina lake, na ni haki yetu. Lakini niwaulize: tabibu alipokwisha kumpasua mgonjwa jipu au kumfunga mguu, akakusanya vyombo vyake akaenda kijiji kingine, nani alibaki? Nani aliyefua vitambaa vya usaha, akaota moto usiku kucha asisinzie, akamnywesha uji kwa kijiko? Majina ya hao hayamo katika kitabu chochote. Tabibu huja na kwenda. Mwenye kuuguza hukaa.

Hata leo ni vivyo hivyo. Hapa petu hospitali si jirani. Masika ikija mto Ugalla hufurika, mabonde yakajaa maji, na mtu aliye mgonjwa hungoja garimoshi la kutoka Mpanda au hubebwa kwenye pikipiki akishikwa katikati kama gunia. Akifika hupata dawa, nasi twashukuru. Lakini kuna maradhi ambayo hospitali ikimaliza kazi yake humrudisha mtu nyumbani: kiharusi, kansa iliyokwisha enea, uzee wenyewe, mtoto aliyezaliwa na viungo visivyotii. Huyo hurudishwa na karatasi ya dawa, imeandikwa vizuri, asubuhi kimoja na jioni kimoja. Sijaona bado karatasi ya yule atakayemgeuza usiku.

Namfahamu mama mmoja, jina lake silitaji, wala kigango chake. Alimwuguza mama mkwe wake aliyepooza upande mmoja. Mgonjwa alilala chini, juu ya mkeka, kwa kuwa ndivyo alivyozoea tangu ujana wake, na mkwe akainama juu yake kumwosha, kumlisha, kumgeuza na kumwinua, mara kumi au kumi na tano kila siku. Kiangazi mume huenda porini kurina asali. Masika wote wako kwenye tumbaku. Wageni walikuja kumwona mgonjwa, na hiyo ni desturi njema, ila wageni hao walipikiwa ugali na yule yule mwenye kuuguza. Mwaka wa pili mgongo ukaanza kumwuma. Hakusema. Mwaka wa tatu, asubuhi moja, alimwinua mgonjwa, akasikia kama kamba imekatika kiunoni, akaanguka pale pale kando ya mkeka. Tangu siku ile nyumba ikawa na wagonjwa wawili, na binti wa darasa la tano akaacha shule ili awatunze wote. Waalimu, sikilizeni: katika daftari la mahudhurio mtoto yule aliandikwa mtoro.

Basi ndiyo sababu nasema jambo hili si la wanawake peke yao, wala si la anasa. Mwenye kuuguza akianguka, haanguki peke yake.

Wenye elimu wamelipima. Mwaka 1999 huko Marekani mabwana wawili, Schulz na Beach, walitangaza hesabu yao. Kwa muda wa miaka minne waliwafuata wazee wenye umri wa miaka 66 mpaka 96, wengine wakiwauguza waume au wake zao, wengine hawana mgonjwa nyumbani. Wale walioelemewa na kazi ya kuuguza walionekana kuwa na hatari ya kufa iliyozidi ile ya wasiokuwa na mgonjwa kwa asilimia 63. Lakini kuna jambo la pili katika hesabu ile ambalo watu hulisahau: wale waliouguza bila kuelemewa hawakuonekana na hatari hiyo iliyozidi. Fikirini maana yake. Si upendo unaoua, wala si kazi yenyewe. Ni mzigo usio na mtu wa kuushika upande wa pili.

Jirani zetu wa Uganda walilitambua hilo mapema, katika miaka ile ya kwanza ya UKIMWI. Bibi Noerine Kaleeba alimwuguza mumewe Christopher, akafiwa naye mwaka 1987. Na mwaka ule ule yeye na wenzake walioguswa na ugonjwa huo waliunda chama chao, TASO. Walianza kwa kukutana tu, wakaambiana habari zao, wakapeana moyo. Hawakuwa na dawa ya ugonjwa. Wakati ule hapakuwa na dawa. Walikuwa na kiti na masikio ya kusikia, na kwa hivyo vichache chama kikasimama mpaka leo.

Hapa najua lipo neno katika vifua vya baadhi yenu. Mtasema: Katekista, mwatufundisha siku zote kujitoa, na leo mwatuambia tujipumzishe? Mke mwema hulala wakati mumewe akigugumia kwa maumivu? Nawajibu kwa Musa. Katika vita na Waamaleki, Musa aliposimama juu ya kilima mikono yake iliinuliwa, na kila ilipoinuliwa Waisraeli walishinda. Ikachoka. Hakuna aliyemkemea Musa kwamba imani yake ni haba. Waliweka jiwe akaketi, na Haruni akaushika mkono mmoja, Huri akaushika wa pili, mpaka jua likachwa. Kwanza jiwe, kisha watu wawili. Mimi napenda sana lile jiwe. Mara nyingi sisi twaruka kwenda kwenye sala na kulisahau.

Na sasa nianze na jiwe. Maumivu mengi ya mgongo ya wenye kuuguza hayatoki katika uchovu wa moyo, hutoka katika mkeka. Mtu akiinama mara kumi na tano kwa siku mpaka chini, akiwa na mzigo mbele yake, kiuno hakitadumu. Mgonjwa asiyeweza kujigeuza alazwe kitandani, na kitanda kiinuliwe kwa matofali chini ya miguu yake, mpaka godoro liwe usawa wa mapaja ya yule anayemhudumia. Matofali manne ya kuchoma kila mguu, yaliyopangwa vema yasiteleze. Hayo hata kijana aliyeshindwa mtihani aweza kuyapanga, na twao wengi. Mgonjwa ajigeuzaye na aliyezoea kushuka mwenyewe asiinuliwe hivyo, asije akaanguka.

Tena, mgonjwa asivutwe kwa makwapa. Tandikeni shuka lililokunjwa mara mbili chini yake, toka mabegani mpaka mapajani. Watu wawili, huyu huku na huyu kule, waikunje pindo mpaka karibu na mwili, wapige magoti kidogo, waweke mguu mmoja mbele, wahesabu pamoja, wamsogeze. Kazi hufanywa na mapaja, si kiuno. Mkiwa mmoja tu nyumbani, mwiteni jirani. Mgonjwa wa namna hii yafaa ageuzwe kila saa mbili mchana, na usiku kwa kadiri mwezavyo, asipate vidonda vya kulalia. Hapo ndipo mwaona kwa nini mtu mmoja hawezi. Si kwamba hapendi. Saa mbili huisha upesi.

Sasa nije kwenye kukanda, ambako najua vijana wameanza kutabasamu.

Kukanda na kuchua si jambo la kigeni kwetu. Bibi zetu walimkanda mzazi, walimchua mtoto aliyeteguka, na mjukuu alikanyaga mgongo wa babu akilipwa hadithi. Lakini tazameni: waliokandwa ni mzazi, mgonjwa na mzee. Mwenye kukanda hakukandwa na mtu. Mimi nasema mkono huo huo uzunguke umfikie na yeye. Hata sokwe wafanya hivyo. Msitu wa Ugalla unao, na upande wa ziwa wapo wa Mahale, ambao wataalamu McGrew na Tutin waliwaandika mwaka 1978: huketi wawili wakitazamana, kila mmoja akainua mkono mmoja juu, wakashikana, na kwa mkono wa pili kila mmoja humchambua mwenzake manyoya. Sisemi tujifunze adabu kwa sokwe. Nasema tu kwamba wao hawamwachi mmoja achambue siku zote asichambuliwe.

Kukanda hakuponyi kiharusi, wala kansa, wala uzee. Asemaye huponya anataka fedha yenu. Kazi yake ni ndogo na ya hakika: misuli iliyokaza kwa kubeba na kuinama hulegea, mwili hupata joto, na mtu aliyekuwa macho siku nyingi mara nyingi husinzia. Usingizi wa saa moja kwa mwenye kuuguza si kitu kidogo.

Mafuta yasinunuliwe ya chupa zenye harufu za maua. Mawese hutia madoa nguoni, ila mafuta ya mise yafaa, na ya alizeti pia. Wenye nta, na toka hapa mpaka Inyonga nani hana nta, wayeyushe kipande kama ncha ya kidole gumba katika kikombe kidogo cha mafuta, juu ya makaa, kisichemke. Yakipoa huwa mazito, hayachuruziki, na hufaa hata kwa visigino vilivyopasuka. Mkandaji anawe mikono, akate kucha, avue pete, ayapashe mafuta moto viganjani. Amkalishe mwenzake kwenye kigoda, mikono imeegemea meza au kitanda. Aubane kwa kiganja kizima ule mnofu ulio kati ya shingo na bega, angoje kama pumzi tatu, aachie. Aende hivyo mpaka mwisho wa bega. Mgongoni akande nyama iliyo kando ya uti, asiukande mfupa wenyewe. Miguuni aanze nyayoni kwa vidole gumba, kisha shavu la mguu kutoka kifundoni kwenda gotini. Amwulize, maana mkono hauna macho: hapa wauma? Nipunguze? Dakika kumi au kumi na tano zatosha.

Asiye na wa kumkanda ajikande. Aketi, aweke gunzi la mahindi kavu chini ya unyayo, alivingirishe huku na huku akiwa amevaa soksi au ameweka kitambaa juu yake. Aushike bega la kushoto kwa mkono wa kulia, na la kulia kwa wa kushoto. Viganja vilivyokamua nguo mchana kutwa avisugue kwa kidole gumba kutoka katikati kwenda nje.

Hapa nitasema polepole, na waalimu wenye kalamu waandike, kwa kuwa kukanda kubaya kwaweza kuua. Mguu mmoja ukivimba, una joto na wauma, usiuguse. Huenda damu imeganda mshipani, na ukiusukuma kipande chaweza kwenda mapafuni. Mtu huyo apelekwe zahanati siku ile ile. Msikande penye kidonda, upele, uvimbe usiojulikana au mfupa uliovunjika, wala mtu mwenye homa kali. Msikande tumbo la mja mzito. Na mzazi, mama zangu, asibandikwe maji ya moto tumboni kwa nguvu kama wengine wafanyavyo mpaka leo. Wako waliobabuka ngozi, na aliyepasuliwa ana mshono ndani hamuuoni. Mtu wa kisukari, au aliyewahi kuwa na ukoma, nyayo zake huenda hazisikii. Maji ya kumwoshea yapimwe kwa kiwiko cha mtu mwingine.

Na mgonjwa alalaye siku zote, mkiona wekundu au weusi usioondoka katika nyonga, kisigino au mfupa wa makalio, msipasugue. Zamani hata wauguzi wa hospitali walifundishwa kupasugua kwa spiriti. Siku hizi yajulikana kwamba kusugua pale huharibu zaidi nyama ya ndani. Mgeuzeni, mpumzishe mahali pale, mwiteni mhudumu wa afya.

Nanyi vijana wa mjini Mpanda, kinyozi akikwisha kuwanyoa akataka kuizungusha shingo yenu ilie kwa kishindo, mwambieni nywele zatosha. Ndani ya shingo hupita mishipa iendayo kichwani, na si vema kuichezea kwa shilingi mia tano.

Liko jambo jingine ambalo watu hulinong'ona tu, nami nalisema wazi. Mkwe akionekana anampaka mama mkwe mafuta usiku, mlango umefungwa, kisha mgonjwa akafa, baadhi ya watu huanza kuuliza mafuta yale yalikuwa ya nini. Katika nchi yetu neno la namna hiyo limekwisha wamwagia damu wazee na wanawake wasio na kosa. Kwa hiyo kukanda kufanywe mchana, mlango wazi, mbele ya watu wa nyumbani, kwa mafuta yale yale ya kupikia ambayo kila mtu ayajua. Mwanamke amkande mwanamke, mwanamume mwanamume, na mume amkande mkewe. Mwacheka, wanaume. Mtu aliyekwisha kubeba mizinga ya nyuki begani toka porini hawezi kushindwa kuyabana mabega mawili ya mkewe.

Tena twao dawa yetu wenyewe ambayo wazungu hawakutuletea, nayo ni utani. Mwenye kuuguza akiambiwa na kaka yake apumzike, huona aibu au hukasirika: mwaona nimeshindwa? Lakini mtani huweza kumwambia mtu neno lolote hata kaburini, na hakuna ruhusa ya kukasirika. Basi jumuiya ikiwa na mwenye mgonjwa wa muda mrefu, achaguliwe mtani wake, mmoja tu, mwenye ulimi mkali na moyo mwema. Kazi yake ni kuingia nyumbani siku ya Jumatano na kusema, Ondoka hapa, wanuka moshi, nenda ukaoge ulale, leo mgonjwa ni wangu. Akae saa tatu. Asipikiwe chochote, aje na unga wake. Nimeliona likifanyika katika jumuiya mbili, na mama mmoja aliniambia kwamba alimtukana mtani yule juma la kwanza, juma la pili akanyamaza, juma la tatu akawa anamngojea mlangoni tangu asubuhi na ndoo ya kuogea mkononi.

Katika makazi ya Katumba na Mishamo wako wazee waliokuja wakiikimbia Burundi tangu mwaka 1972 na baadaye, na wengine wao ndugu zao walibaki huko au walitawanyika. Mzee wa namna hii huuguzwa na mzee mwenzake, mume wa miaka themanini akimgeuza mke wa miaka themanini. Wenye parokia za huko wajue: hao ndio wa kwanza, wasingoje mpaka waombe.

Kwa waalimu nina ombi moja. Mtoto akikosa siku tatu, kabla ya kalamu kuandika mtoro, mtumeni mwenzake akaangalie kama nyumbani kuna mtu amelala. Akiwapo, mletee mzee wa jumuiya habari, na masomo yapelekwe kwa huyo mwenzake jioni. Daftari lina nafasi ya kutosha kuandika neno "anauguza".

WAWATA wa parokia wamekubali kutunza chupa za mafuta na nta, na kila kigango kitapewa moja leo. Shuka lile kubwa liko mezani, na kitanda cha nyumba ya katekista kimeletwa pale chini ya mwembe, kimekwisha inuliwa kwa matofali. Naomba wanaume wawili wenye nguvu na mama mmoja mwepesi waje mbele. Mama utakuwa mgonjwa. Lala tu, usisaidie. Ninyi wawili shikeni pindo, mguu mmoja mbele, magoti yakunjeni. Si hivyo, bwana, umeinama. Anzeni tena.